Chakavu kwa Nani?

Huku kusini tumezoea mashine zilizokwisha kutumiwa na wengine. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, walileta matrekta yaliyobaki vitani, na vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta wakaviita Shervick. Januari 1951 mradi ukatupwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Mashine ikifa, kwetu ni chuma tu. Nani aliweka Shervick moja uani ili wajukuu waione?

Nauliza hivyo kwa sababu nataka kuandika juu ya biashara ambayo wengi wetu tunaijua kwa picha: uuzaji wa magari ya Kijapani ya kifahari na ya mbio, yale ambayo matajiri huyanunua siku hizi kama wanavyonunua vito. Mimi ni mtu wa Mandawa, wilaya ya Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Utasema, Mandawa na mambo hayo wapi na wapi? Subiri kidogo, msomaji.

Majina ya magari hayo yalipandishwa na nani? Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda mbio za East African Safari kwa Datsun 1600 SSS, na 1971 akashinda tena, sasa kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na 240Z nyingine. Alifungana pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun, ushindi ukaenda kwa Mehta. Joginder Singh akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kisha Mehta tena, mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Toyota Celica zikashika zamu kuanzia 1984. Dunia iliambiwa kwamba gari la Kijapani halivunjiki, na ushahidi uliotolewa ulikuwa matope yetu na vumbi letu. Lile Datsun la 1971 kampuni imelihifadhi mpaka leo kwenye ghala lake la kumbukumbu huko Zama, Japani.

Sasa sikiliza bei. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971, gari la kutembelea tu ambalo halikuwahi kuona Safari, liliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Juni 2021, Toyota Supra ya rangi ya machungwa iliyochezewa filamu ya The Fast and the Furious ilikwenda kwa dola 550,000. Toyota 2000GT, zilizotengenezwa 351 tu kati ya 1967 na 1970, zilishapita dola milioni moja tangu 2013.

Haya hayakutokea kwa uchawi. Kule Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi huo, wao wanauita shaken, ni ghali. Kwa hiyo watu wengi huuza gari likiwa bado zima. Huenda mnadani, mkaguzi akaliandikia karatasi: mkwaruzo uko wapi, kutu iko wapi, daraja ni 4 au 4.5, na likishapata ajali kubwa likatengenezwa hupewa herufi R. Dalali wa Dar anayejua kazi huisoma karatasi hiyo kabla ya kuangalia picha. Wenzake wanaangalia rangi.

Kisha kuna sheria. Marekani haikubali gari lisilotimiza viwango vyake vya usalama, ila likishatimiza miaka 25 tangu litengenezwe, mlango unafunguka. Nissan Skyline GT-R ya 1989 ikaanza kuingia kihalali mwaka 2014, na kila mwaka unaoongezeka unafungulia kundi jingine. Wauzaji huyatafuta mapema, huyanunua, huyafunika, na kungoja siku ya kuzaliwa. Kwao umri ni mtaji.

Kwetu umri ni kosa. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Uganda ilifunga mlango mwaka 2018 kwa yaliyozidi kumi na mitano. Tanzania hailikatazi, ila likizeeka linaongezewa ushuru ambao watu wanauita wa uchakavu. Sina ugomvi na sheria hizo. Hewa ya Kariakoo tunaivuta wote. Lakini gari lile lile, mwaka ule ule, huku linaadhibiwa kwa uzee na kule linalipiwa kwa uzee huo huo.

Ndipo tunafika Mandawa. Msimu wa 2017/18 bei ya korosho mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mjomba wangu akapanda basi hadi Dar, akarudi akiendesha Toyota Chaser nyeupe ya mwaka 1997. Mark II, Chaser na Cresta ni ndugu wa tumbo moja, na kwa sababu mitaani zimejaa GX100, kila mtu alidhani na hii ni hiyo hiyo. Mimi nilifungua boneti nikasoma kibati: JZX100. Injini ilikuwa 1JZ yenye turbo, nguvu farasi 280, kiwango ambacho kampuni za Japani zilikubaliana tangu 1989 kwamba hakuna atakayetangaza zaidi yake. Mjomba alikuwa akibebea mbolea ndani yake.

Msimu uliofuata mambo yakageuka. Bei ikaanguka, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likaja kusomba. Malipo yakachelewa. Katikati ya 2019 binti wa mjomba akachaguliwa kidato cha tano, bweni, na orodha ya mahitaji ndefu kama ya harusi. Akaja dalali kutoka Dar. Hakuzunguka gari, hakupiga teke tairi. Alifungua boneti, akainama kwenye kibati, akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema anataka injini na gia boksi tu. Bodi tubaki nalo.

Nikamweleza mjomba yote niliyoandika hapo juu. Gari lilikuwa na miaka 22, limebakiza mitatu. Nikamwambia pia kwamba wanunuzi hawa wanataka injini ile ile iliyozaliwa na bodi lile lile. Ukivitenganisha, umebaki na vipande viwili vya bei ya kawaida. Alinisikiliza vizuri. Sisi Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, neno la mjomba si dogo, na yeye hakuwa na haja ya kunijibu. Akanijibu.

"Mjomba," akaniambia, maana nasi huitana hivyo hivyo, "Marekani iko mbali. Shule inafunguliwa Jumatatu."

Winchi ilikuwa mti wa mwembe na mnyororo. Jioni injini ilikuwa ndani ya Canter, imefungwa kwa turubai kuliko mtu mgonjwa. Binti alimaliza kidato cha sita 2021. Bodi likabaki nyuma ya nyumba, vioo vyote vizima, kibati kipo, na kadi ya gari mjomba anayo sandukuni.

Mwaka jana dalali yule yule akapiga simu. Kuna mtu mjini ana injini nzuri, bodi lake limekunjwa kwa ajali, anatafuta JZX100 yenye kadi safi. Akataja bei. Mjomba akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia, akaniuliza: "Ulisema kule wanayanunua kwa ngapi?"