Jinsi mwendo wa maji unavyofichua ukubwa wa seli za uvimbe

Ili kuthibitisha kama uvimbe ni saratani, kwa kawaida daktari hutoa kipande kidogo cha nyama na kukichunguza kwa darubini. Uchunguzi huo huumiza, huweza kuleta maambukizi, na kipande hicho huwakilisha sehemu ndogo tu ya uvimbe. Kwa sababu hiyo, watafiti wanatafuta namna ya kukadiria ukubwa wa seli kwa kipimo cha MRI, pasipo kumchoma mgonjwa sindano.

Kikwazo ni kwamba nukta moja ya picha ya MRI huwa na upana wa milimita 1 hadi 2, ilhali seli nyingi zina upana wa takriban mikromita 10 hadi 20, na mikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Mashine haioni seli mojamoja; hupima mwendo wa maji yaliyomo.

Molekuli za maji hazitulii. Katika joto la mwili, molekuli iliyo huru husogea wastani wa mikromita 8 hivi kuelekea upande mmoja kwa milisekunde 10, na 17 hivi kwa milisekunde 50. Iliyo ndani ya seli hugonga utando na kurudi. Kadiri seli ilivyo ndogo, ndivyo inavyozuiwa mapema. Kwa kulinganisha vipimo vya muda mfupi na mrefu, ukubwa wa seli hukadiriwa.

Msingi wa kipimo hicho uliwekwa mwaka 1965 na Stejskal na Tanner, waliotumia mipigo miwili ya sumaku: wa kwanza huweka alama kwenye molekuli, wa pili huifuta kwa zile ambazo hazikusogea. Mwaka 1986, Denis Le Bihan wa Ufaransa na wenzake walichapisha picha za ubongo zilizotokana na mwendo huo. Mwaka 2014, watafiti wa University College London walieleza mbinu ya VERDICT, inayotenganisha maji ya ndani ya seli, ya nje yake na ya mishipa ya damu. Baadaye ilitumika kuchunguza saratani ya tezi dume.

Hata hivyo, hesabu hizo huchukulia kuwa seli ni duara na utando hauvuji, jambo ambalo si kweli daima. Kinachopatikana ni makadirio: yanaweza kumwonyesha daktari mahali pa kuelekeza sindano, lakini hayajachukua nafasi ya darubini.