Beringi ya Gari la Ng'ombe

Anayeeleza jinsi ufundi wa chuma ulivyoota Eldoret kwa kawaida huanzia kwenye vitu vikubwa: reli iliyofika mwaka 1924, viwanda vya nguo, kisha vibanda vya jua kali. Nadhani historia hiyo husomeka vizuri zaidi kwenye kitu kinachoenea kiganjani, yaani beringi, hasa ile yenye rola zilizochongoka kama pia. Ndiyo anayoinunua fundi mwenye kerezo dogo, mashine ya kukerezea chuma inayotosha juu ya meza, ili aondoe zile za gololi zilizotoka nalo kiwandani. Wengi huuona ubadilishaji huo kuwa mchezo wa wapenda mashine wa Ulaya na Marekani. Hoja yangu ni kwamba asili ya beringi hiyo ni gurudumu la mizigo, na mji uliolelewa na magurudumu hayo hauhitaji kuiazima kwa mtu.

Eldoret ni mtoto wa gari la ng'ombe. Mwaka 1908 Makaburu waliofuatana na Jansen van Rensburg walipandisha magari yao kutoka Nakuru hadi uwanda wa Uasin Gishu, nchi iliyokuwa na wenyewe na majina yake kabla serikali ya kikoloni haijaikatakata na kuipa nambari. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, na nambari hiyo ya Kiingereza ikageuka Sisibo vinywani mwa wenyeji. Jina Eldoret likaja mwaka 1912. Mpaka reli ilipofika, mizigo ilivutwa na ng'ombe kutoka stesheni ya Londiani, kwenye tope lililomeza magurudumu. Husimuliwa kwamba kasha la chuma la benki lilianguka kutoka garini, likawashinda watu kulinyanyua, ikabidi benki ijengwe palepale. Iwe kweli au imetiwa chumvi, aliyekitunga kisa hicho alijua maana ya uzito. Gurudumu la gari la namna hiyo lilizunguka likisuguana na ekseli, kinga yake ikiwa mafuta tu. Mafuta yakiisha, ekseli inalika.

Miaka kumi kabla ya msafara huo, mwaka 1898, Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, alikuwa amepata hataza ya beringi ya rola za umbo la pia. Shida aliyoilenga ni kona. Gari likikata kona, mzigo haukandamizi chini peke yake, unasukuma na upande. Rola iliyolala mshazari huibeba misukumo yote miwili. Sasa tazama kerezo. Kisu kinapouma chuma, nacho huisukuma shafti kuu kwenda pembeni na kwenda nyuma kwa pamoja. Gololi za kawaida hupwaya kidogo chini ya msukumo huo, na mpwayo huo ndio unaoacha mawimbi kwenye kazi. Beringi mbili za pia zikipangwa kuelekeana kinyume, nati moja nyuma ya shafti huzibana mpaka mpwayo uishe. Trekta na matrela ya mashamba ya ngano na mahindi hubeba mizigo yake kwa beringi za ukoo huohuo katika vitovu vya magurudumu. Anayejua kukaza nati ya gurudumu la trela kwa kulizungusha kwa mkono, akisikiliza na kulegeza kidogo, ameshajifunza nusu ya kazi ya kerezo.

Kilichoruhusu kipande cha gurudumu kuhamia kerezoni ni nambari. Kampuni ya beringi ya SKF, iliyoanzishwa Göteborg mwaka 1907, ilizaliwa na kero za kiwanda cha nguo: Sven Wingquist alikuwa mhandisi wa kiwanda, amechoshwa na shafti zilizotoka kwenye mstari na kuzivunja beringi zake. Kero hiyo viwanda vya nguo vya Eldoret kama Rivatex visingeshindwa kuielewa. Baadaye vipimo vya beringi vikawekwa sawa kimataifa, hata beringi namba 6206 ya gololi na 30206 ya pia zikawa na tundu lilelile la milimita 30 na kipenyo kilekile cha nje cha milimita 62, atengeneze yeyote.

Kuna atakayesema beringi za kuteleza, zisizo na gololi wala rola, hazikuwa duni, naye ana haki. Kerezo la Kiingereza la Myford ML7, lililoanza kuuzwa mwaka 1946, lilizungusha shafti yake kwenye metali nyeupe na kutoa kazi safi. Lakini metali hiyo ikilika huwezi kuomba nyingine dukani kwa nambari. Mwingine atasema kerezo lenye mwili mwepesi litatetemeka hata ukilipa beringi ya dhahabu. Nakubali, beringi haiongezi uzito wa chuma. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nambari zimeua ufundi, kwamba fundi sasa hununua badala ya kutengeneza. Hapo nasita kukubali. Beringi ya pia haina kizuizi cha vumbi, hivyo chembe za chuma lazima zizuiwe kwa kinga ya kutengenezwa. Nati ikizidi kukazwa, kichwa cha mashine hupata moto. Ikilegea, mawimbi hurudi. Tena 30206 ina upana wa milimita 17.25 pale 6206 ilipokuwa na 16. Zikiwa mbili, milimita 2.5 zinakosa nafasi kwenye shafti, na bushi za kutenganishia lazima zipunguzwe. Fundi mzoefu huzikereza kwanza kwenye kerezo hilohilo, likiwa bado linazunguka kwa gololi zake za zamani, kabla hajaifungua nati ya nyuma.