Nyumba ya Bibi Yapumua

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kuna neno moja lililonifuata hadi nyumbani: tungamo la joto. Mwalimu alilieleza kwa michoro ya nyumba za Ulaya, ambako shida ni baridi. Sikuelewa kitu.

Nimekuja kulielewa Mji wa Kale. Toka Marikiti saa saba mchana, jua likikuchoma utosi, pita wauza viungo, ingia kwa bibi yangu. Utadhani mtu amefungua friji. Kiyoyozi hakuna. Kuna ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Jua linaupiga tangu asubuhi, joto linapenya polepole, na likifika ndani jioni imeshaingia. Tungamo la joto ndilo hilo: uzito wa ukuta unaochelewesha joto.

Lakini usiku wa Mombasa haupoi sana, kwa hivyo ukuta peke yake hautoshi. Kunahitajika kivuli na upepo. Vichochoro vyembamba vinafanya nyumba hii iitilie kivuli ile. Madirisha yanatazamana ili hewa ipite. Roshani za mbao zinakinga jua bila kuziba upepo. Siku hizi wataalamu wanaita hayo upoozaji bila mashine.

Si mambo ya jana. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu, 1593 hadi 1596, walitumia matumbawe, na misikiti ya mwambao ilikuwa imejengwa kwa mawe hayo karne nyingi kabla yao. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, karibu mita tatu tu: boriti haifiki mbali zaidi. Majahazi yalizipeleka hadi Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Halafu ikaja simiti. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuizalisha mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa matumbawe yaleyale ya pwani. Tofauti iko kwenye moto. Chokaa huiva kwenye nyuzi 900 hivi. Simiti yataka karibu 1,450. Hapo ndipo utaelewa kaboni iliyofichwa: moshi uliotoka kabla hata hujahamia ndani. Sisemi wazee wetu walikuwa malaika wa mazingira. Tanuu za chokaa zilikula kuni, boriti zilikula mikoko.

Kwa nini nayaandika haya? Plasta ya bibi inabanduka, na mjomba ameshaongea na fundi wa simiti. Ni rahisi, ni haraka, na fundi wa chokaa hapatikani hivi hivi. Shida ni kwamba matumbawe hufyonza unyevu na chumvi, na chokaa huuachia utoke. Simiti inaufungia ndani, ukuta unaoza taratibu, ncha za boriti nazo zinafuata. Kisha joto likizidi utanunua kiyoyozi, na tokeni za stima zitakumaliza.

Nilimweleza mjomba tungamo la joto. Akaniuliza nilimaliza chuo lini.

Bibi, aliyekuwa barazani akichambua mchele, hakuinua macho. "Mwanangu, nyumba yapumua. Wataka kuiziba pua?"

Mjomba alinyamaza. Fundi anakuja Jumamosi. Mpaka hapo natafuta mzee yeyote anayejua kuchanganya chokaa. Kama unamjua, tafadhali mlete.