Umuko, Umuvumu na Nyua za Gisimenti

Nauza miche Remera, mjini Kigali, kwenye mteremko ulio chini ya Gisimenti, upande unaotazama bonde la Nyandungu. Wateja waliorudi kutoka Ulaya na Kanada huniletea picha kwenye simu: mti mfupi wenye majani mekundu yaliyochanika kama vidole. Ni mepo wa Kijapani. "Mzee, huu utaota uani kwangu?" Nawaambia ukweli. Mti huo, ambao Mswidi Carl Peter Thunberg aliupa jina la kisayansi mwaka 1784 baada ya kuishi Japani, huwa na msimu wa kulala. Vichipukizi vyake hungoja wiki nyingi za baridi ndipo vifunguke vizuri, na mbegu zake pia. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku tunajifunika blanketi, lakini baridi ya namna ile hatuna. Mepo ukiletwa hapa utachipua, utachoka, kisha utanyauka polepole huku mwenye nyumba akizidi kuumwagilia maji.

Baadaye nami huwauliza: kwa babu yako palisimama mti gani?

Wengi hawajui, na hilo linaniuma. Rwanda ya zamani mtu akianzisha boma, yaani urugo, hakujenga ukuta. Alichomeka fito za umuvumu, mti wa jamii ya mtini ambao kipande cha tawi tu kikipata mvua hushika mizizi. Baada ya miaka uzio ulikuwa umegeuka kuwa miti yenye kivuli, na magome yake yalipondwa yakawa vazi lililoitwa impuzu. Mabwana wakubwa walifanya hivyohivyo, na zaidi yao mfalme, ambaye hakuwa na makao mamoja. Akihama au akifa, nyumba za nyasi zilioza, miti ikabaki, na mahali pale pakaitwa ikigabiro. Rubengera, wilaya ya Karongi, upande wa Ziwa Kivu, watu wanakuonyesha ibigabiro vya Rwabugiri, mfalme aliyefariki mwaka 1895. Hata jina la wilaya yetu, Gasabo, limetoka kwenye kilima kilicho juu ya Ziwa Muhazi ambacho mapokeo hukitaja kuwa chimbuko la ufalme. Nchi ambayo haikuwa na maandishi iliweka kumbukumbu zake katika miti, na mkulima aliyeelewa hilo hakuthubutu kuukata umuvumu mkongwe bila kuuliza ulikuwa wa nani.

Ila mti ninaoupenda kuliko yote ni umuko. Waswahili wa Tanzania wanauita mwamba ngoma, na mbao zake nyepesi hufaa kuchonga ngoma. Una miiba, gome nene kama kizibo linalostahimili moto, na tabia moja ambayo wapenzi wa mepo wangeipenda: majira ya kiangazi hupukutisha majani yote, kisha matawi matupu huwaka maua mekundu. Masimulizi yanasema Ryangombe, shujaa wa hadithi zetu za kale, alikatazwa na mama yake asiende kuwinda, kwa sababu ya ndoto mbaya. Alikwenda. Nyati alimpiga pembe, akafia kwenye umuko. Tangu hapo waliofuata ibada ya kubandwa, yaani ya kumheshimu Ryangombe, waliingizwa katika imani yao chini ya umuko, wakauita umurinzi, mlinzi, na inasimuliwa kuwa Wahutu, Watutsi na Watwa walikaa hapo pamoja. Roho ya Ryangombe ilisemekana kuishi kwenye volkano ya Karisimbi.

Wamisionari wa Kikatoliki walifika Save mwaka 1900, na ibada hiyo wakaipinga kwa nguvu. Mfalme Musinga, ambaye hakukubali kubatizwa, aliondolewa na watawala wa kikoloni wa Kibelgiji mwaka 1931. Mwanawe Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Mkristo mpya hakutaka jirani auone umuko mlangoni kwake. Mimi mwenyewe ni Mkristo, ninasali kila Jumapili, na sioni dhambi yoyote katika mti.

Wakati huohuo miche ya kigeni ilikuwa ikiingia. Mjerumani Richard Kandt alianzisha Kigali mwaka 1907 kama kituo cha utawala. Mikaratusi, migrivelia na mijakaranda ilisambaa katika miongo iliyofuata, na shamba la majaribio la Ruhande, kule Butare, lilianzishwa miaka ya 1930 ili kupima miti ya kutoka kila pembe ya dunia. Kigali ilipofanywa mji mkuu mwaka 1962 bado ilikuwa ndogo, na vilima vya Remera vilikuwa mashamba yenye uzio wa imiyenzi, ule mnyaa ambao utomvu wake huchoma macho. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 kuna waliorudi wasikute nyumba wala mtu. Uzio na mparachichi ndivyo vilivyowaonyesha kiwanja kilikuwa wapi. Siku hizi Gisimenti ni baa, hoteli na ukuta wa matofali, na ua hutandikwa saruji hadi kwenye shina.

Anayetaka wekundu uani kwake na apande umuko. Kata tawi nene kama mkono, liweke kivulini mpaka kidonda kikauke, kisha lisimike Septemba, mvua za umuhindo zinapoanza, mahali maji yasipotuama. Usilisogeze kwenye ukuta. Likinge na mbuzi msimu wa kwanza. Mbolea haina haja, kwa kuwa mizizi yake yenyewe huurutubisha udongo. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu, kwa hiyo waonye watoto mapema. Ukishakomaa, kiangazi ndege aina ya chozi watakuja kunyonya maua, na jirani atauliza umenunua wapi. Na ukipewa kiwanja chenye umuvumu wa zamani, tafadhali, kabla ya kumwita fundi wa msumeno, tafuta mzee wa kilima hicho umuulize nani aliuchomeka.