Joto la Mwako na Lugha ya Kipimo: Mafunzo kutoka Jinja na Mbale

Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, viwanda vya mashariki mwa Uganda vilipata umeme, lakini havikuacha kuchoma mafuta. Mvuke wa kupikia, kukaushia na kutilia rangi uliendelea kutoka kwenye matanuri. Kakira, ambako sukari ilianza kutengenezwa mwaka 1930, leo huzalisha umeme kwa makapi ya miwa. Mbale ilitangazwa jiji Julai 2020, na mojawapo ya tarafa zake mbili imepewa jina la viwanda. Kote huko dizeli hununuliwa kwa lita, gesi kwa kilo na makaa kwa gunia, ilhali kinachohitajika tanurini ni joto.

Namna ya kulipima joto hilo ilipatikana Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1840 Germain Hess alionyesha kwamba jumla ya joto la mmenyuko haitegemei njia uliyopitia. Miaka ya 1880 Marcellin Berthelot alitumia chombo cha chuma kilichojazwa oksijeni kwa kani kubwa. Chombo hicho huitwa bomu, jina la kumshtua askari wa getini, ingawa kazi yake ni tulivu: gramu moja ya mafuta huwashwa ndani yake, kikiwa kimezamishwa majini, na kupanda kwa halijoto ya maji husomwa kwa uangalifu. Gramu moja ya oktani hutoa kilojuli 48 hivi. Kifaa kinacholingana na kilo 2.5 za maji hupanda kwa nyuzi 4.6 tu, kosa la sehemu ya kumi ya nyuzi huharibu jibu kwa zaidi ya asilimia 2. Mwaka 1931 Frederick Rossini, huko Washington, alipima methani kwa usahihi ambao watafiti waliofuata waliutegemea.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika mazungumzo ya kawaida, "joto" ni kile kinachotoka motoni na pia kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Kalorimita haiwezi kuelezwa bila kuvitenganisha: halijoto (wengine husema jotoridi) husomwa, joto hukokotolewa. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa Makerere, mwendo mfupi kutoka Jinja, katika miaka ileile bwawa lilipojengwa. Istilahi za sayansi, hata hivyo, zilipata kamusi yake ya TUKI mwaka 1990.

Tofauti ya pili ina gharama zaidi. Haidrokaboni ikiungua hutoa maji. Ndani ya bomu mvuke huo hugeuka kimiminika na kurudisha joto lake. Katika tanuri la kiwandani hutoroka kwa bomba la moshi. Kwa hiyo methani ina megajuli 55.5 kwa kilo kwa hesabu ya kwanza, na 50 kwa ya pili. Uingereza ilizoea ya kwanza, nchi nyingi za bara la Ulaya ya pili. Wahasibu wana maneno ya kufaa hapa: joto ghafi na joto halisi. Kwa makapi ya miwa, ambayo takriban nusu ya uzito wake ni maji, pengo huwa pana zaidi.

Hata kipimo cha ujazo hupotosha. Kwa kilo, petroli huizidi dizeli kidogo. Kwa lita, dizeli hutoa takriban megajuli 38 na petroli 34, kwa sababu dizeli ni nzito zaidi. Januari 2008, ghasia za Kenya zilipoziba njia ya mafuta ya Uganda, kiwanda kilichotaka kubadili mafuta kilihitaji hesabu hiyo upesi.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Zabuni ya tanuri itakayoandikwa kwa Kiswahili na kudai "ufanisi wa asilimia 90", bila kutaja ghafi au halisi, itawaruhusu wauzaji wawili kuahidi asilimia ileile kwa mitambo isiyolingana, na tofauti italipwa kila mwezi katika ankara ya mafuta.