Mshahara wa mwalimu utoke wapi?

Kila mwaka wa masomo ukianza, ulizo hili linarudi mlangoni pa shule: mwalimu alipwe na nani?

Wakati wa Wabelgiji, shule nyingi zilikuwa za misioni, Leta ikitoa msaada wa feza. Mwaka 1974 Mobutu alizitwaa. Mwaka 1977 makanisa yakarudishiwa usimamizi, lakini mishahara ikabaki kazi ya Leta. Kisha uchumi ukaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma, na wazazi wakakubali kutoa primu ili masomo yasife. Msaada wa muda ukageuka desturi, na mtoto wa asiye na kitu akawa anafukuzwa darasani.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya Leta ni ya bure. Kifungu cha 204 kikaweka mikononi mwa majimbo mambo mawili pamoja: shule, na kodi ya nyumba na ardhi. Masomo ya bure yalianza Septemba 2019, lakini mwalimu bado anangojea mshahara wa Kinshasa. Ndiyo maana wengine wanasema: kodi ya nyumba za hapa ilipe shule za hapa, kwani feza iliyo karibu inachungwa na macho mengi.

Ni neno la maana. Lakini Marekani wamefuata njia hiyo tangu zamani, na tuone yaliyowapata. Huko San Antonio, Texas, mwaka 1968, wazazi wa mtaa maskini wa Edgewood walishitaki. Walilipa kodi kwa kiwango kikubwa kuliko matajiri wa Alamo Heights, lakini ilileta dola 26 tu kwa kila mtoto. Kwa matajiri ilileta 333. Mwaka 1973 Korti Kuu iliwakatalia, majaji 5 kwa 4.

Kwetu kuna na vita. Nyumba iliyoachwa haitoi kodi, lakini mtoto wake amekimbia na miaka yake minane, anahitaji darasa huko alikofika. Na mtaa uliompokea haukuongezewa nyumba za kulipisha.

Basi kodi ya nyumba ijenge vyumba na inunue viti. Mshahara utoke mfuko wa nchi nzima, kwa kuhesabu watoto mahali walipo leo.

Na komite ya wazazi ikiwaomba mchango mpya, mukumbuke primu. Muulize kwanza: huu utaisha lini?