Ukasimishaji kwa Maunzi: Daraja la Mtandao na Chipu Inayolitumikia

Ukasimishaji kwa maunzi ni utaratibu ambao mfumo endeshi wa kompyuta huikabidhi chipu ya swichi kazi ya kupitisha data kati ya milango yake, huku mfumo wenyewe ukibaki na kauli ya mwisho juu ya mipangilio ya kila mlango. Tunaihitaji istilahi hii. Mafundi wa mitandao wa Fungurume, Likasi na Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walisoma kwa Kifaransa, miongozo ya vifaa wanaipata kwa Kiingereza, na mbele ya kabati la nyaya wanaelekezana kwa Kiswahili. Hapo ndipo neno lenye maana thabiti linapotakiwa.

Tuanze na daraja. Daraja la mtandao ni sehemu ya mfumo endeshi inayounganisha milango kadhaa iwe mtandao mmoja. Fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, ikiingia, daraja husoma anwani ya mtumaji na kukumbuka imetokea mlango gani. Kisha husoma anwani ya mpokeaji na kuitoa fremu kwenye mlango unaofaa. Mpokeaji asipojulikana, fremu husambazwa kwenye milango mingine yote. Kila mlango una mipangilio yake: ujifunze anwani au usijifunze, upokee fremu za kusambazwa au usipokee, utengwe na wenzake au uachwe huru, ufungwe mpaka mtumiaji atambuliwe. Katika mfumo endeshi wa Linux, daraja hili limo ndani ya kiini, yaani programu ya msingi inayosimamia kompyuta nzima.

Prosesa huimudu kazi hii pale fremu zinapokuwa chache. Lakini mlango mmoja wa gigabiti 1 kwa sekunde unaweza kupitisha fremu ndogo kabisa 1,488,095 kila sekunde, na swichi ya milango 24 ikijaa hupitisha zaidi ya milioni 35. Prosesa ndogo ya swichi ya ofisini haifiki huko. Chipu ya swichi inafika, kwa sababu imeundwa kwa kazi hiyo tu. Mwaka 2008 Linux ilipokea sehemu iitwayo DSA, kazi ya Lennert Buytenhek, iliyoiwezesha kuitambua milango ya chipu mmoja mmoja. Toleo la 3.19, lililotoka Februari 2015, likaleta sehemu iitwayo switchdev, kazi ya Jiri Pirko na Scott Feldman. Tangu hapo fundi hutoa amri zilezile za daraja, na kiini huzifikisha kwenye chipu. Mfumo wa OpenWrt nao, uliojengwa juu ya Linux, katika toleo la 21.02 la mwaka 2021, ulianza kutumia DSA kwenye vifaa vingi vidogo ambavyo hata fundi wa mtaani anaweza kuvinunua.

Urahisi huo una hatari yake. Chukua fundi wa Fungurume anayegawa intaneti ya antena moja kwa wateja watatu: duka la dawa kwenye lan1, ofisi ya malori kwenye lan2, kituo cha afya kwenye lan3. Hataki kompyuta zao zionane. Kwa kila mlango anaandika amri kama hii: bridge link set dev lan3 isolated on. Amri inapita bila lalamiko. Sasa fremu inatoka ofisi ya malori kwenda kituo cha afya. Inaingia lan2 na kutokea lan3 ndani ya chipu. Prosesa haikuiona kabisa. Kama chipu haikuambiwa itenge milango, skrini inaonyesha kwamba imetengwa, na wakati huohuo kompyuta yenye majina ya wagonjwa iko wazi kwa jirani.

Jambo hili liliwezekana kweli. Kutenga mlango kuliingia Linux katika toleo la 4.18 mwaka 2018, lakini hadi mwaka 2022 hakukuwamo katika orodha ya mipangilio ambayo kiini huiuliza chipu kabla ya kukubali amri. Amri ilipokewa kwenye daraja la programu, na chipu ikaendelea na kazi yake kama kawaida.

Kwa mipangilio iliyomo katika orodha hiyo, kinga waliyoibuni waandishi wa kiini ina hatua mbili. Kwanza daraja hukiuliza kiendeshi, yaani programu inayoiongoza chipu: unaiweza mipangilio hii? Kiendeshi hupewa orodha ya kinachobadilika pamoja na thamani mpya, muundo ulioingia katika toleo la 5.12 la Aprili 2021 kwa marekebisho ya Vladimir Oltean. Kikikataa, amri nzima hukataliwa na fundi huambiwa kwamba chipu haiwezi. Kikikubali, ndipo amri yenyewe hutumwa. Hatua hizi zimetenganishwa kwa sababu. Swali huulizwa wakati kiini kimeshika kufuli la daraja na hakiruhusiwi kusubiri, ilhali kuandika ndani ya chipu mara nyingi hupitia njia ya polepole inayolazimu kusubiri. Basi jibu hupatikana papo hapo, na utekelezaji huahirishwa kidogo. Udhaifu mmoja umebaki: utekelezaji ukishindikana baada ya kiendeshi kukubali, amri ya fundi imeshapita, na kosa huishia kwenye kumbukumbu za mfumo.

Watu wa reli wanaielewa kanuni hii ya kuthibitisha kwanza. Tenke, jirani ya Fungurume, ndipo njia itokayo Lubumbashi inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Kamina na mwingine Kolwezi hadi Dilolo, ambako mwaka 1931 iliungana na reli ya Benguela. Kwenye makutano ya namna hiyo, amri ya kugeuza njia haitoshi kuiruhusu treni ipite. Lazima ithibitishwe kwamba njia imegeuka kweli.

Sasa tulipime neno. Wapo wanaoelekea kusema "upakuaji", kwa kuwa neno la Kiingereza, "offload", lina maana ya kushusha mzigo. Lakini kupakua tayari ni kuchukua faili kutoka mtandaoni, na aliyekwisha kushusha mzigo hana habari nao tena. "Ugatuzi" nao haufai. Mkoa wa Katanga ulipogawanywa mwaka 2015 na Lualaba ikawa mkoa, Kolwezi, makao makuu yake, ilipata serikali na bunge lake lenye mamlaka yaliyotajwa na katiba. Mamlaka ya namna hiyo huhama. Chipu haipewi mamlaka ya namna hiyo.

Kukasimu ni kumpa mwingine atekeleze kwa niaba yako, na dhamana ibaki kwako. Ofisi za serikali zimelizoea neno hili katika "kukasimu madaraka", na sifa zake zinalingana na muundo tuliouona. Anayekasimiwa huulizwa kama anaweza. Hutoa taarifa, kama vile chipu inavyokirudishia kiini anwani ilizojifunza. Na alichokasimiwa huweza kurudishwa: mlango ukitolewa kwenye daraja, kiendeshi hutakiwa kuizuia chipu isiendelee kujifunza anwani kwenye mlango huo, maana sasa ni mlango unaojitegemea. Kiendeshi kinachosahau hatua hiyo huiacha chipu ikifuata maagizo ya daraja ambalo mlango umeshatoka.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "ukasimishaji kwa maunzi", na mpangilio uliopokewa na chipu tuuite "uliokasimiwa". Usiopokewa tuseme wazi kwamba "haukukasimiwa", ili aliye kwenye zamu ya usiku ajue fremu zake zinalindwa na nani.

Nawe fundi, usitosheke na skrini. Ukishatenga milango, unganisha kompyuta mbili kwenye milango hiyo na ujaribu kuifikia moja kutoka nyingine kabla ya kumkabidhi mteja kazi. Zikionana, mpangilio wako haukukasimiwa: tafuta toleo jipya la kiini au kifaa kingine, na mteja aelezwe ukweli huo siku hiyohiyo.